Ruba wa Isleworth na Meli ya Kigoma

Wengi wetu tunaokaa huku Uingereza tumewahi kuitazama The African Queen kwenye televisheni, aghalabu Jumapili mchana baada ya chakula. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1951 ikiongozwa na John Huston, na waigizaji wakuu ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Ndiyo iliyompatia Bogart tuzo yake pekee ya Oscar. Mlevi mwenye kimashua cha mvuke na dada wa mmisionari wanateremka mto wa hatari katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1914, ili wakaizamishe meli ya kivita ya Mjerumani iliyoko ziwani. Tunaipenda, tusifiche. Rangi za mpiga picha Jack Cardiff bado zinang'aa, na mabishano ya wale wawili yana chumvi ya kutosha.

Basi tulipokwenda Uganda likizo, sisi na familia, hatukuona tabu kulipa nauli ya boti pale Paraa na kupanda Mto Nile mpaka chini ya maporomoko ya Murchison. Ni safari nzuri. Viboko wamejaa kama mawe, mamba wamelala midomo wazi, na mwisho wake unaona Nile nzima ikijibana katika ufa wa mita saba hivi na kuanguka kwa kishindo. Lakini wenzetu botini, Wazungu wa makamo wenye kofia za safari, walikuwa na swali lao. Ni wapi hasa Bogart aliposhuka majini kuivuta mashua, akatoka ameganda ruba mwili mzima? Kijana aliyetuongoza alisita kidogo, kisha akanyoosha mkono kwenye mafunjo ya kando ya mto. Kamera zikalia. Nasi tukapiga picha.

Aibu yetu ni kwamba tulijua. Wakuu wale hawakuingizwa katika maji ya Afrika, kwa sababu iliogopwa kichocho na maradhi mengine. Kikosi cha filamu kilikuwa tayari kimechoka kwa kuhara na malaria. Maonyesho yote ambamo Bogart na Hepburn wanaonekana ndani ya maji yalipigwa katika matangi ya studio za Worton Hall, Isleworth, hapa magharibi mwa London, mwendo mfupi tu kutoka Hounslow, ambako baadhi yetu hununua mihogo na bamia. Wapo pia wanaodai kwamba matete yale ni ya Dalyan, Uturuki, na watalii wa huko nao huoneshwa. Matete hayana ushahidi. Ukiyaelekezea kidole, yanakubali kila kitu.

Hatusemi kwamba Murchison ni uongo. Maporomoko yenyewe yamo katika filamu, na sehemu ya picha zilipigwa Kongo, katika mto Ruiki. Kijiji cha misheni kinachoteketezwa mwanzoni kilipigwa picha Butiaba, kando ya Ziwa Albert. Hapo kwenye kijiji ndipo ugomvi wetu na filamu hii unapoanzia. Dakika za kwanza tunawaona watu wetu wakilazimishwa kuimba nyimbo za kanisa wasizozielewa, na Huston anatuchekesha kwa hilo. Kisha Wajerumani wanakuja, wanachoma nyumba, wanawaswaga wanaume. Baada ya hapo watu hao hawaonekani tena, isipokuwa askari wa ngomeni wanaofyatua risasi kwa mbali. Nchi nzima inabaki tupu, ina mamba, mbu na wapenzi wawili. Binti yetu alipoitazama mara ya kwanza aliuliza, "Baba, wale wa kijijini walipelekwa wapi?" Tulimwambia anyamaze tutazame.

Kuna jambo jingine dogo ambalo fundi halimpiti. Charlie, yaani Bogart, anaipiga mateke injini ya mashua yake kila inapojaa mvuke na kutishia kupasuka. Anaeleza kwamba mmoja wa vijana wake aliwahi kuangusha bisibisi ndani. Tumefanya kazi na mitambo zaidi ya miaka thelathini, na maelezo ya namna hiyo tumeyasikia katika lugha nyingi: mwenye chombo halaumiwi, alaumiwe kibarua ambaye hayupo. Mwafrika anaendelea kusafiri katika mashua ile hadi mwisho, kwa sura ya bisibisi iliyoangushwa.

Sasa tufike kwenye meli yenyewe. C. S. Forester aliandika riwaya ya kisa hiki mwaka 1935, na chanzo chake ni vita vya kweli vya Ziwa Tanganyika. Meli ya Wajerumani iliitwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha maelfu, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Huko ikaunganishwa upya na kuingia majini mwaka 1915. Upande wa Waingereza, silaha haikuwa topido za mitungi ya oksijeni zilizotengenezwa na mlevi. Zilikuwa motaboti mbili, Mimi na Toutou, zilizojaribiwa katika mto huu huu wa Thames mwezi Juni 1915. Zikaenda kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, zikavushwa milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, maksai na mamia ya vibarua Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja. Ukimtazama Bogart akivuta mashua kwa kamba begani katika tangi la Isleworth, kumbuka kwamba kuna waliovuta kweli, na wala hawakuwa wawili.

Na mwisho wake? Katika filamu, mashua ndogo inailipua meli kubwa. Katika historia, kamanda wa Waingereza, Spicer-Simson, alikataa kuishambulia Götzen. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha Julai 1916 walipokuwa wakirudi nyuma, baada ya mafundi wao kuzipaka injini grisi nzito ili zisile kutu. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakazikuta injini nzima, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Ustaarabu huo wa kumtunzia adui mashine ungetengenezewa filamu nzuri kuliko hii. Liemba ilibeba dagaa, mahindi, maharusi na wafanyabiashara kwa miongo mingi, na mwaka 2015 ikawabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Ilisimamishwa mwaka 2018 ili ifanyiwe matengenezo makubwa.

Tunachokilalamikia si watalii kufuata filamu. Kila mtu ana haki ya kusimama mahali alipopapenda kwenye kioo, na vijana wa Paraa wanahitaji ule mshahara. Tunajilalamikia sisi. Tuliruka kutoka London tukashuka Entebbe, tukafuata ramani ile ile ya wageni, tukauliza Hepburn alilala wapi. Hatukumuuliza mtu yeyote wa Butiaba kama babu yake alikuwamo katika umati ule wa kanisani, akiimba mbele ya kamera. Mwaka 1951 si mbali hivyo. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati huo leo ni mzee wa themanini na kitu, na kila mwaka wanapungua. Mtu huyo ni mahali pa filamu kuliko mafunjo yoyote, na sisi tulikuwa na lugha ya kumuulizia.

Tuliporudi tulikwenda Worton Road, Jumamosi moja ya manyunyu. Jumba la Worton Hall bado limesimama. Studio ilifungwa miaka ile ya 1950 na Shirika la Taifa la Makaa ya Mawe likapafanya mahali pa utafiti wa migodi. Tulisimama barabarani na miavuli yetu, hatukuona mtalii hata mmoja. Binti yetu alipiga picha moja akaikagua kwenye simu, akauliza treni ya kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma huchukua siku ngapi.