Nani Anamsemea Salome? Usawiri wa Mwanamke katika Muziki wa Kizazi Kipya na Usikilizaji wa Karagwe na Kyerwa

Mwaka 2016 nyimbo mbili zilizua mjadala mkali nchini Tanzania, nazo zote zilimweka mwanamke anayecheza katikati ya picha. Mwezi Mei, Serikali iliufungia wimbo "Chura" wa Snura Mushi pamoja na video yake, kwa hoja kwamba unamdhalilisha mwanamke. Msanii mwenyewe alizuiwa kufanya maonyesho hadi ajisajili Basata. Mwezi Septemba, Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa "Salome", wimbo uliojengwa juu ya "Maria Salome" wa Saida Karoli. Huu ulishangiliwa.

Saida Karoli, mzaliwa wa Kagera, alijipatia umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuimba Kihaya mbele ya taifa ambalo sehemu kubwa haielewi lugha hiyo. Kwingineko Tanzania wimbo wake ulipendwa kwa mahadhi na ngoma. Kwa msikilizaji wa Karagwe au Kyerwa, ambaye Kinyambo chake ni jirani wa karibu wa Kihaya, maneno nayo yana uzito, na anayeyasema ni mwanamke. Katika toleo la 2016 nafsineni imebadilika. Msemaji sasa ni mwanamume, naye Salome amegeuka mtu wa kutazamwa, anayesifiwa kwa umbo na mnenguo. Mahadhi ya Kihaya yamebaki kama pambo. Mamlaka ya kusema yamehama.

Hata hivyo, kudai kwamba Saida alinyamazishwa ni kukosea. "Salome" ilimrejesha masikioni mwa kizazi ambacho hakikumfahamu, naye mwaka 2017 akatoa "Orugambo". Neno hilo, kwa maana ya uvumi, halikuchaguliwa kwa bahati: umbea ni kosa ambalo jamii humbandika mwanamke kwanza, na hapa mwanamke analifanya kichwa cha wimbo wake.

Aidha, yawezekana kupinga kwamba udhibiti haubagui, kwa kuwa Novemba 2018 Basata iliufungia "Mwanza", wimbo wa wanaume wale wale wawili. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. "Mwanza" ulishtakiwa kwa maneno yake, ilhali katika "Chura" kilichoshtakiwa hasa ni mwili na uchezaji. Mwanamume alihukumiwa kama msemaji, mwanamke kama umbo, hata pale ambapo mwanamke ndiye mwenye wimbo. Wachezaji wa kike wa "Salome" nao walinengua mbele ya kamera bila mtungaji wao kuzuiwa jukwaani. Hoja ya utu wa mwanamke, iliyotolewa kwa uzito mkubwa mwezi Mei, haikuzaa marufuku yoyote mwezi Septemba, ingawa Salome alitazamwa kwa jicho lile lile.