Kabla ya Kopo la Rangi

Kijana akiachiwa na babu yake Honda C70 iliyolala uani miaka mingi chini ya turubai, kitu cha kwanza anachonunua huwa ni rangi. Anapiga msasa, anapuliza, anaweka kiti kipya na stika mpya, na zamu ya injini inapofika fedha zimekwisha na moyo umechoka. Nimeziona nyingi za namna hiyo: zinang'aa, haziwaki. Na mara nyingine rangi ya kiwandani iliyokwanguliwa ilikuwa bado na miaka ya kuishi, na rangi ile ikishaondoka hairudi.

Ninazipenda pikipiki hizi kwa dhati. Ukoo wao ulianza mwaka 1958 na Super Cub ya sentimita za ujazo 49, chombo ambacho Soichiro Honda na mwenzake Takeo Fujisawa walikusudia mtu yeyote aweze kukiendesha, hata kikakosa mkono wa klachi. Gia unabadili kwa mguu tu. Hadi mwaka 2017 zilikuwa zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 100. Ni mashine inayofunguka kwa spana chache, na hapo ndipo inapomponza anayeanza. Kwa kuwa kila kitu kinafunguka, anaona kila kitu kifunguliwe, na kufikia jioni injini nzima iko kwenye beseni, naye hajajua bado ilikuwa inaumwa nini.

Fundi aliyeiva huanza kwa kuchunguza. Anatoa plagi na kuitazama mwangani. Masizi makavu meusi yanamwambia petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Ikiwa na ulowevu wa oili, mawazo yake yanakwenda kwenye ringi. Ikiwa ya kahawia hafifu, anairudisha na kuacha upande huo salama. Kisha anakanyaga kiki taratibu ili kusikia mgandamizo. Hajafungua nati hata moja, na nusu ya kazi ameshaimaliza. Kujizuia huko ndiko ninakokuheshimu kuliko ustadi mwingine wote wa gereji.

Mgeni wa kazi hii utamjua kwenye skrubu za kava ya klachi. Zimekaa pale miaka arobaini, chuma ndani ya alumini, zimeshikana kwa kutu na joto. Anachukua bisibisi yoyote ya nyota iliyo karibu, anakandamiza, anazungusha, ncha inaruka. Anarudia, na baada ya mara tatu kichwa cha skrubu kimekuwa shimo la mviringo. Nguvu anazo, tatizo liko kwenye bisibisi. Aliyoshika ni ya mtindo wa Phillips, uliopata hataza Marekani mwaka 1936, na skrubu iliyo mbele yake ni ya kipimo cha Kijapani, JIS. Kwa macho ni mapacha, lakini ncha ya Phillips haifiki chini ya msalaba wa skrubu ya Kijapani. Inashika kingo za juu tu na kuzila. Nyingi za JIS zina kinukta kidogo kichwani, ukikifuta matope utakiona.

Anayeijua kazi anatafuta ncha ya JIS, anaitia kwenye bisibisi ya kugonga, anapiga nyundo pigo moja zito, na skrubu inaachia. Halafu anafanya jambo ambalo wengi hawalioni: anachukua kipande cha katoni, anachora umbo la kava, anatoboa matundu, na kila skrubu anaichomeka mahali pake. Urefu wao unatofautiana. Ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi inagota kabla ya kubana na inaweza kupasua alumini. Fupi kwenye tundu refu inashika nyuzi mbili tatu tu, na siku ikikazwa inazing'oa. Katoni hiyo yenye madoa ya oili, kwangu mimi, ni kitu kizuri kabisa kukikuta gereji.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni la tapeti. Injini hii ikiwaka hutoa mlio mwembamba juu kwenye hedi, tik tik tik, na anayeanza anausikia kama ugonjwa. Anafungua vifuniko viwili, anakaza mpaka kimya kipatikane, anaondoka amefurahi. Valvu ya ekzosi inafanya kazi katikati ya moto, na joto lake hutoka hasa pale inapokaa kwenye kiti chake. Ikinyimwa nafasi, chuma kikitanuka haifungi sawasawa. Gesi ya moto inapenya ukingoni, ukingo unaungua, mgandamizo unapotea, na kiki inakuwa nyepesi. Kwenye C70 nafasi inayotakiwa ni milimita 0.05, nyembamba kuliko karatasi ya daftari, tena ipimwe injini ikiwa imepoa kabisa.

Kazi yenyewe haitaki misuli. Unazungusha magineto mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye injini, pistoni iko juu na valvu zote mbili zimefungwa. Unapitisha kijibati cha fila geji kati ya skrubu ya tapeti na ncha ya valvu. Kipite, lakini mkono usikie kinavutwa kidogo. Ukikaza nati, skrubu hutaka kuzunguka nayo, kwa hiyo unaishikilia huku unakaza, kisha unapima tena. Kupima tena ndiko kunakorukwa. Mlio mwembamba utabaki, na uachwe ubaki.

Mengine ni mepesi kuyasema. Jeti ya kabureta ni shaba laini yenye tundu la kipimo maalumu. Ukiichokonoa kwa waya umebadilisha kipimo hicho. Isafishwe kwa petroli na hewa ya kompresa, na tenki lenye kutu lisafishwe kwanza, la sivyo kabureta itaziba tena. Oili ya gari iliyoandikwa kuwa inaokoa mafuta, hata iwe ghali vipi, inaweza kuifanya klachi iteleze, kwa sababu klachi ya Honda hii inalowa oili ileile ya injini. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA. Oili yote haifiki lita moja na chujio la karatasi hakuna, hivyo ibadilishwe mapema. Cheni iachiwe ulegevu wake. Na ukienda Kariakoo au Kirinyaga Road kutafuta spea, nenda na ile ya zamani mkononi, wala usiitupe mpaka mpya imekaa na kufanya kazi.

Limebaki la pointi, zile za kuamua plagi itoe cheche lini. Katika miaka ya 1980 Honda ilianza kuziacha kwenye pikipiki hizi na kuhamia CDI, cheche ya kielektroniki, na vijana wengi walioko vijiweni leo wamekulia huko. Wanaojua kuseti pointi kwa mkono, zikafunguka pale pale alama ya F ya magineto inapofika, wengi wao ni watu wazima sasa. Ukimpata mmoja mtaani kwako, msalimie, mbebee sanduku la spana, na umwombe akufundishe angali anaweza kuinama.