Mvuke wa Chungu Kilichofunikwa

Mpishi mzoefu hafunui chungu ovyo. Harufu ya mvuke unaoponyoka pembeni mwa kifuniko humwambia kama tui limekauka au wali umeanza kushika chini. Ufundi wa aina hiyo ndio uliotufunulia bahari ya Enceladus, mwezi wa sayari ya Zohali wenye kipenyo cha kilomita 500 hivi, uliofunikwa na barafu pande zote.

Chombo cha anga cha Cassini kilifika Zohali mwaka 2004. Mapema mwaka 2005 kipimo chake cha sumaku kilionyesha mistari ya sumaku ya Zohali imepinda karibu na mwezi huo. Michele Dougherty, kiongozi wa kipimo hicho, hakulipuuza jambo hilo. Aliwashawishi wenzake wausogelee zaidi. Julai mwaka huohuo Cassini ikapita umbali wa kilomita 170 hivi, na chanzo kikajulikana: kwenye ncha ya kusini, nyufa nne ndefu zinatema mvuke na punje za barafu.

Kazi ya kuzionja punje hizo ilifanywa na kifaa kilichoundwa kupima vumbi. Punje ikikigonga kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde husambaratika. Vipande vyake vyenye chaji ya umeme hukimbilia kipokezi, vyepesi vikitangulia na vizito vikifuata. Kwa kuhesabu nani kafika lini, wataalamu walitambua chumvi, na baadaye chembechembe za silika, dalili ya maji ya moto yanayokutana na mwamba huko chini.

Wengine walitumia macho. Peter Thomas na wenzake walichambua picha za zaidi ya miaka saba, wakitia alama mashimo ya uso wa mwezi, nyingi kwa mkono, ili wapime unavyoyumba ukizunguka. Yai bichi na lililochemshwa hayazunguki sawa. Na Enceladus iliyumba zaidi kuliko inavyoweza kuyumba barafu iliyogandamana na kiini. Mwaka 2015 wakahitimisha kwamba bahari imeuzunguka mwezi wote.

Oktoba 2015 Cassini ilipita katikati ya mvuke, kilomita 49 tu juu ya barafu, ikakuta haidrojeni. Duniani kuna vijidudu vinavyoishi gizani kwa kuunganisha haidrojeni na hewa ya ukaa na kutoa methani. Methani nayo imo katika mvuke ule. Mwenye pupa angetangaza uhai palepale. Lakini miamba nayo yaweza kuzalisha methani, na wenye kazi yao waliishia pale ushahidi ulipoishia: chakula kipo, mlaji hajaonekana. Kwangu mimi, kujizuia huko ndiko kilele cha ufundi wao.

Mafuta yalipokaribia kwisha, Cassini ilielekezwa ndani ya Zohali ikateketea, tarehe 15 Septemba 2017, isije ikaiangukia Enceladus na kuipelekea vijidudu vya duniani. Takwimu zake zilibaki. Frank Postberg na wenzake waliendelea kuzipekua, wakatengeneza maabarani maji yenye fosfeti, yaani chumvi za fosforasi, na kuyapiga kwa leza ili walinganishe alama zake na zile za punje. Zilioana. Fosforasi, kiungo ambacho hakuna uhai tunaoujua unaoweza kukikosa, ilitangazwa kupatikana mwaka 2023, miaka sita baada ya chombo chenyewe kuwa majivu.