Smart na klachi isiyojua dereva anawaza nini

Tangu kiwanda cha Hambach, Ufaransa, kitoe Smart fortwo ya mwisho mwaka 2024, rambirambi zimekuwa nyingi na karibu zote zinasifu jambo lilelile: gari la viti viwili linaloegeshwa mahali ambapo hata pikipiki ingesita. Sawa. Kizimba chake cha chuma ni kazi ya mafundi hasa, na kusogeza kiti cha abiria nyuma kidogo ili mabega yasigombane lilikuwa wazo la akili. Lakini kila aliyewahi kukaa ndani yake anajua kichwa chake kilifanya nini gia ilipobadilika. Dosari hiyo ilizaliwa na gari lenyewe mwaka 1998, na hapo naweza kusamehe. Mwaka 2007, toleo la pili lilipotoka, waliolitengeneza walikuwa na nafasi ya kuimaliza, wakairudisha barabarani kwa hiari yao.

Tuitazame gia ya pili kwenda ya tatu. Gari liko kwenye makutano mjini Rome, dereva ameona mwanya kati ya basi na skuta, amekanyaga mafuta. Silinda tatu zinanguruma nyuma ya mgongo wake. Katikati ya makutano kompyuta inaamua kuwa wakati wa gia umefika: mota ndogo ya umeme inaachanisha klachi, nguvu inakatika, gia inahama, klachi inashika tena. Kwa saa ya mkononi ni kitambo kidogo tu, kwa aliye ndani ni kirefu. Gari lina kimo cha mita moja na nusu hivi, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma hazifiki hata mita 1.9. Nguvu ikikatika pua inainama, ikirudi pua inainuka, na vichwa viwili vinaitikia kwa pamoja kama waumini waliokubaliana na mhubiri. Mwanya nao umeshajaa. Toleo la kwanza lilikuwa na gia sita kwa injini ya cc 599, yaani maitikio mengi kabla hata ya kutoka mtaani. La pili lilipewa gia tano na injini ya cc 999 kutoka Mitsubishi, ishara kwamba malalamiko yalisikika. Ila klachi ilibaki moja, na mwenye kuiamuru alibaki yuleyule.

Wasomaji wa safu hii wanajua ugomvi wangu wa siku nyingi na klachi za kompyuta, na watasema nimerudi palepale. Nimerudi, kwa kuwa ushahidi ninaoutegemea umeegeshwa kwenye mitaa hiyohiyo ya Rome. Fiat 500 ya Dante Giacosa, ya mwaka 1957, nayo ina injini nyuma, na umbali wa ekseli zake ni mita 1.84, mfupi kuliko wa Smart ya 2007. Giaboksi yake haikuwa na singronaizi, kwa hiyo aliyetaka kushusha gia bila kelele alikanyaga klachi mara mbili. Nguvu ilikatika kwa muda mrefu zaidi kuliko kwenye Smart. Tofauti ni kwamba mguu unaokata nguvu na shingo inayoyumba ni vya mtu mmoja. Mwili umeshajikaza kabla klachi haijaachia. Tatizo la Smart, basi, halikuwa ule mkatiko. Lilikuwa kwamba uliamuliwa na asiyekaa kwenye kiti. Mtaniambia kigingi cha gia kilikuwepo, dereva angeweza kukisukuma mwenyewe. Kweli, lakini alichopewa ni kuchagua lini tu. Namna klachi itakavyoachia na kushika haikuwa mikononi mwake, wala miguuni.

Ubaya wenyewe unaonekana zaidi palepale gari linaposifiwa, kwenye kuegesha. Kujongea sentimita kumi kuelekea bampa ya jirani, hasa penye mwinuko, ni kazi ya klachi inayoshika nusu, na nusu hiyo hupimwa kwa unyayo. Kompyuta inasoma mzunguko wa injini na kanyagio la mafuta. Bampa ya jirani haiioni. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya nafasi finyu likawa na adabu mbovu kwenye nafasi finyu.

Wapo watakaosema otomatiki ya kawaida ingekula nguvu na mafuta ya injini ndogo kama ile. Ni hoja nzuri, maana Smart ya dizeli ya mwaka 1999 ilitajwa kutumia lita 3.4 kwa kilomita 100, na hesabu hiyo haivumilii upotevu. Wengine hufundisha dawa: inua mguu kidogo gia inapotaka kubadilika. Dawa hiyo inafanya kazi, ila inamtaka dereva abahatishe siri ya mashine iliyodai kumpunguzia kazi. Na wapo wanaosema mwaka 2007 hapakuwa na giaboksi ya klachi mbili iliyo ndogo kiasi hicho. Tuseme ni hivyo. DAF ya Uholanzi ilionyesha gari dogo lenye otomatiki ya mikanda, lisilokata nguvu kabisa, mwaka 1958, na Toyota iQ ilipata otomatiki ya mkanda mwaka mmoja tu baada ya Smart hii. Hata hayo tuyaache. Ilibaki dawa rahisi kuliko zote: kanyagio la tatu.

Toleo la tatu, la mwaka 2014, lilileta vyote viwili, giaboksi ya klachi mbili na gia za mkono zenye kanyagio lake. Likapewa pia uwezo wa kugeuka ndani ya duara la mita 6.95, jambo linalostahili makofi. Miaka michache baadaye injini ya petroli ikaondolewa, na Smart za mwisho kutoka Hambach zilikuwa za umeme, zisizo na klachi wala gia za kubadilisha. Unakanyaga mafuta (neno limebaki, mafuta hayapo), gari linatoka kwenye makutano kwa mvuto mmoja, na vichwa viwili vimetulia.