Rekodi mbili zinazopokezana

Umeme ulikatika alfajiri, siku ya tano tangu niwashe modeli ya pwani yetu. Nilipotaka kuendelea, faili la kuanzia upya halikufunguka: kompyuta ilizimika likiwa bado linaandikwa. Nikarudi siku ya kwanza. Tangu hapo, kabla sijagusa fizikia ya maji, napanga mafaili.

ROMS, modeli inayotumika sana kwa bahari za pwani, husoma na kuandika data zake katika NetCDF, muundo ulioanzishwa na Unidata huko Boulder, Marekani. Faili la aina hii hujieleza lenyewe: namba zimo pamoja na majina, vipimo na saa zake. Modeli hulishwa faili la gridi lenye kina cha bahari, la hali ya mwanzo, la mipakani, na la hali ya hewa.

Kwenye upepo ndipo wengi hukwama. Modeli hushika rekodi mbili za upepo, ya kabla na ya baada, kisha hukadiria kilichomo kati yake. Ukitaka kusi ivume hadi usiku wa 31 Agosti huku rekodi yako ya mwisho ni ya adhuhuri, modeli itasimama adhuhuri. Ongeza rekodi moja kila ncha. Mafaili ya upepo yakiwa ya mwezi mmoja mmoja, yaorodheshe ukiyatenganisha kwa alama ya |, nayo modeli itavuka yenyewe kutoka moja hadi jingine.

Upande wa matokeo, fanya hesabu mapema. Gridi ya nukta 400 kwa 300 yenye tabaka 40 ina nukta milioni 4.8. Kila namba ikichukua baiti 4, joto, chumvi na pande mbili za mkondo hufika megabaiti 77 kwa rekodi moja. Andika kila saa kwa mwaka: gigabaiti 673. Andika wastani wa siku tu: 28. Anayechunguza maji kujaa na kupwa anahitaji kila saa. Anayefuatilia kaskazi na kusi anatosheka na wastani. Katika mipangilio ya ROMS, kwa hatua ya muda ya sekunde 300, NHIS = 12 huandika kila saa, na NDEFHIS = 8640 hufungua faili jipya kila siku 30. Gawanya hivyo, maana faili moja la mwaka mzima likiharibika, mwaka wote umekwenda.

Sasa faili la kuanzia upya. Weka NRST = 288 liandikwe kila siku, na LcycleRST iwe T (ndiyo; F ni hapana). Hapo faili hubeba rekodi mbili tu zinazopokezana: leo inaandikwa juu ya juzi, jana haiguswi. Ni mpango mzuri sana, ila kwangu haukutosha. Faili langu lilikuwa la NetCDF-4, na hilo likikatwa katikati linaweza kuharibika lote, rekodi zote mbili. Kwa hiyo kila siku nalinakili kwenye diski nyingine.

Kuendelea kuna mtego wake. ININAME ielekezwe kwenye faili la kuanzia upya, na NRREC iwe -1 ili isomwe rekodi ya karibuni. LDEFOUT ikiwa F, matokeo mapya yanaungana na ya zamani. Ikiwa T na majina ni yaleyale, ya zamani yanafutwa. Nimeona mwenzangu akifuta hivyo mwezi mzima kwa herufi moja.

Kabla ya kuwasha, naliangalia faili la kuanzia upya kwa ncdump, programu ya kuonyesha yaliyomo katika NetCDF, nikitafuta ocean_time, saa ya modeli kwa sekunde. Rekodi moja ikiwa 345600 na nyingine 432000, zote zikisomeka, najua siku ya tano ipo, na modeli itaanzia hapo.