Matanga ya Taifa na Swali la Deni

Utamaduni wa taifa hauonekani katika ngoma, mavazi na methali peke yake. Huonekana pia katika namna watu wanavyozika, wanavyolia, na wanavyowakumbuka waliokufa. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza kumbukumbu ya msiba wa taifa kama vile tunavyochunguza shairi au mchezo wa kuigiza: ina umbo gani, inasema nini, na imepungukiwa na nini.

Tuanze kijijini, kwa kuwa ndiko umbo lenyewe lilikotoka. Katika vijiji vya Korogwe na Handeni, tuseme Mpale, mfiwa haachwi peke yake. Majirani huweka majembe chini. Akina mama huja na kuni, maji na unga. Wanaume huchimba kaburi. Matanga hukaliwa, awe marehemu Msambaa au Mzigua, Mwislamu au Mkristo. Lakini katika shughuli hiyo mna jambo moja ambalo mgeni hulipita upesi. Kabla watu hawajatawanyika, mzee wa ukoo husimama akauliza: nani anamdai marehemu, na marehemu anamdai nani? Mwenye madai huyatamka, na jamaa huyapokea mbele ya mashahidi. Machozi ni heshima kwa marehemu. Swali hilo ni haki yake na haki ya waliobaki. Msiba ambao deni lake halikuulizwa huonekana kuwa haujafungwa.

Kwa kipimo hicho cha kijijini tuupime msiba uliotokea mbali sana na Mpale, ila ukawafikia Watanzania wote. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama katika Ziwa Victoria ilipokuwa imekaribia kufika. Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430, lakini waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Miili mingi ambayo haikutambuliwa ilizikwa kwa pamoja huko Igoma, Mwanza. Tangu hapo, kila ifikapo tarehe 21 Mei, jamaa za marehemu hufika makaburini Igoma pamoja na viongozi wa dini, wakaomba na kuweka maua. Wengine husoma hitima au huomba misa nyumbani kwao.

Kumbukumbu hii ina sifa zake, nasi hatuna budi kuzitaja kwanza. Wafiwa wenyewe wameishika kwa miaka mingi. Kadhalika, imewaweka pamoja watu wa dini na makabila mbalimbali, kwa kuwa katika kaburi la pamoja hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba hapa amelala ndugu yake na pale ndugu wa jirani. Kila anayeomba huwaombea wote. Hiyo ni desturi ya matanga iliyopanuliwa kutoka ukoo mmoja hadi taifa zima, na ni fahari ya utamaduni wetu.

Hata hivyo, tukiitazama kwa makini tunaona upungufu. Sala zimebaki, maua yamebaki, bali swali la mzee wa ukoo limefifia. Lugha inayotawala siku hiyo ni ya kudra: Mungu alitoa, Mungu ametwaa. Hatuipingi faraja hiyo, maana mfiwa anaihitaji. Lakini faraja si jibu la deni. Majina ya abiria wa daraja la tatu hayakuandikwa katika orodha. Ndiyo maana mpaka leo tunasema "zaidi ya", wala hatutaji hesabu kamili. Jambo hilo halikuandikwa na kudra. Ni kazi ya mikono ya watu, na watu ndio wanaoweza kulizuia lisirudi.

Nalo limerudi. Tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama ikiwa imejaa watu kupita kiasi. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa lile lile la MV Bukoba. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Je, kumbukumbu zote zilizokuwa zimefanywa Igoma kwa zaidi ya miaka ishirini zilikuwa zimetufundisha nini? Zilikuwa zimetufundisha kulia pamoja. Hazikuwa zimetufundisha kuhesabu abiria.

Wala mwanafunzi wa Mpale asidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa ziwani. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, katika wilaya ya Korogwe, lori liligongana na gari dogo la abiria lililokuwa limebeba jeneza na waombolezaji waliokuwa wakisafiri kwenda kuzika. Watu wasiopungua 17 walikufa. Waliokuwa wakienda msibani wakawa msiba wenyewe. Hatuutaji mkasa huu ili kumhukumu mtu. Tunautaja kwa sababu unatuonyesha kwamba deni la njiani, likiwa la majini au la barabarani, liko mlangoni petu pia. Tena wadaiwa si wenye vyombo na wakaguzi peke yao. Mara ngapi sisi wenyewe tumejisukuma ndani ya gari lililokwisha kujaa, tukamwona mwoga yule aliyekataa kupanda?

Kwa hiyo shauri letu kwa walimu si kuongeza hotuba wala gwaride. Ni kuirudisha mila ilivyokuwa kamili. Siku ya kumbukumbu wanafunzi na waombe, kila mmoja kwa imani yake. Kisha wawahoji wazee na kuandika majina ya watu wa kijiji waliopotea safarini, ili wasibaki hesabu tupu kama wale wa daraja la tatu. Baada ya hapo mmoja wao asimame, kama asimamavyo mzee wa ukoo, akaulize: waliokufa wanatudai nini, na nani amekubali kulipa?

Swali hilo litawatia watu wazima haya. Na watie haya. Kumbukumbu isiyomgusa aliye hai haimfai kitu aliyekufa. Wazee wetu walilijua hilo. Ndiyo sababu hawakukubali watu watawanyike kabla ya kuuliza.