Feni Utakayolala Nayo Chumbani

Mwezi wa Desemba hapa Edmonton, Kanada, jua huchomoza saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi na kuzama saa kumi na robo jioni. Mchicha hauwezi kuishi hivyo, nami siwezi kuishi bila mchicha. Kwa hiyo kwenye kona ya chumba cha kulala kuna hema la kuoteshea, mita 1.2 kwa 1.2, kimo mita 2, ndani linameremeta kama karatasi ya pakiti ya sigara, na juu imening'inia taa ya LED ya wati 240. Mchicha uko mbele, pilipili mbuzi nyuma, na mrehani pembeni kwa ajili ya harufu tu. Taa haina kelele, mimea haina kelele. Mwenye kelele ni feni ya kutolea hewa, na ndiyo utakayolala nayo chumba kimoja kuanzia Oktoba hadi Mei.

Ya kwanza niliinunua kwa kusoma boksi, lililoandikwa desibeli 28 kwa herufi kubwa. Siku ya tatu jirani wa chini, mama mmoja wa Bujumbura, alinikuta kwenye lifti.

"Mwanangu, huko juu kwenu mnasaga mahindi usiku?"

"Hapana mama, samahani sana. Ni feni."

Akanitazama kwa huruma. "Basi hiyo feni inaumwa."

Sikio lake lilikuwa limefanya kazi ambayo boksi halikuifanya: lilitaja aina ya sauti. Kelele za feni si moja. Upo mvumo, yaani hewa yenyewe ikipita, kama upepo kwenye mivinje. Huo haumwamshi mtu, na wengine huwabembeleza. Upo mngurumo, sauti nene ya chini inayotoka kwenye mota na kusafiri kwa sakafu na kuta hadi kwa watu wasiohusika. Upo mluzi, hewa inapobanwa mahali pembamba. Upo mkwaruzo, na huo ni wa beringi. Halafu kuna kugongagonga, ambako mara nyingi ni skrubu tu iliyolegea. Feni nzuri ina mvumo na basi. Ukiiwasha dukani ukasikia sauti ya pili chini ya mvumo, hata kama ni ndogo kiasi gani, irudishe kwenye rafu. Saa nane za usiku hiyo sauti ya pili ndiyo itakayobaki.

Namba ya boksi si lazima iwe uongo, ila imekatwa mkia. Desibeli bila umbali ni kama bei bila kipimo. Feni iliyopimwa kwa umbali wa mita 3 mahali pa wazi huonekana tulivu kwa karibu desibeli 10 kuliko ileile ikipimwa kwa mita 1. Tena wauzaji wengi hupima ikizunguka kwa mwendo wa chini kabisa, halafu pembeni wanaandika kiasi cha hewa cha mwendo wa juu kabisa, kana kwamba vyote viwili vitakuja siku moja. Tena kipimo chenyewe, kile chenye herufi A baada ya desibeli, kimetengenezwa kufuata sikio la binadamu, ambalo halisikii vizuri sauti nene. Mngurumo wa mota za kawaida hapa, wa mitetemo 120 kwa sekunde, hupunguziwa desibeli zipatazo 16 kabla ya kuandikwa. Kwa hiyo sauti ileile inayopenya sakafu ndiyo iliyosamehewa kwenye hesabu.

Mtengenezaji wa kuaminika hakupi namba moja. Anakupa mchoro unaoonyesha feni inasukuma hewa kiasi gani kadiri kizuizi kinavyoongezeka, na anasema sauti ilipimwa wapi: upande wa kuvuta, upande wa kutoa, au ubavuni. Soler & Palau, Wahispania wa Ripoll, wana desturi hiyo. Asiye na mchoro simpigii hesabu.

Sasa ukubwa, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu hununua feni inayolingana na hema, wakaiendesha kwa nguvu zake zote. Mimi ningesema nunua kubwa, uiendeshe polepole. Sababu iko kwenye hesabu za feni zenyewe: ukipunguza mwendo kwa nusu, hewa inapungua nusu, lakini umeme unaotumika kuzungusha panga unashuka hadi sehemu moja ya nane hivi, na kelele inashuka kwa desibeli zipatazo 15. Sikio husikia punguzo la desibeli 10 kama sauti iliyokatwa katikati. Hakuna sponji wala sanduku litakalokupa hayo kwa bei hiyo.

Chukua hema langu. Lina hewa isiyofika mita 3 za ujazo. Taa ya wati 240 ikiwaka, ili ndani pasizidi joto la chumba kwa zaidi ya digrii 4, nahitaji kutoa mita za ujazo kama 180 kwa saa, sawa na kubadilisha hewa yote mara moja kwa dakika. Feni ya inchi 4 inaiweza kazi hiyo ikikazana. Lakini kiasi hicho kikipita kwenye bomba la inchi 4 hewa inakwenda zaidi ya mita 6 kwa sekunde, na hapo mluzi umeshaanza. Kwenye bomba la inchi 6 hewa ileile inakwenda chini ya mita 3, na feni inazunguka kwa nusu ya uwezo wake au chini ya hapo. Nimetumia zote mbili. Tofauti ya bei ilikuwa sawa na chakula cha mgahawani cha watu wawili.

Kuhusu mota sitasema mengi. Aliyekulia chini ya pangaboi anakumbuka lile la nyumba fulani, likiwekwa namba mbili kwenye regyuleta linaanza kuguna. Mota ya kawaida ikipunguziwa mwendo na swichi ya kielektroniki ya bei rahisi hufanya vivyo hivyo, maana swichi inakatakata umeme na mota inatetemeka kwa kila kipande. Tafuta mota ya EC, yenye sumaku ya kudumu na ubongo wake wa kielektroniki ndani. Wajerumani wa ebm-papst ndio waliojijengea jina kwa mota hizo, ingawa siku hizi Wachina nao wanatengeneza nzuri. Inapunguzwa mwendo bila kuguna. Ila ipitishe ngazi zote, moja hadi kumi, ukisubiri kidogo kila ngazi. Nyingi zina ngazi moja ya wazimu, ambapo mtetemo wa panga na wa bodi hukutana na feni nzima ikaimba. Yangu ni ya tano. Naruka kutoka nne hadi sita.

Na kwa wanaofikiria kuituma nyumbani: soma kibandiko cha nyuma. Ya volti 120 haifai Dar wala Nairobi, lakini nyingi za EC zenye adapta hupokea kuanzia volti 100 hadi 240.

Baada ya hapo weka masikio kando, tumia mikono. Feni ikiwa imezimwa na imechomolewa, peleka kidole ndani usukume panga taratibu. Panga lenye beringi nzuri huenda mbali, likapungua kama mtu anayekaribia kusinzia. Likisimama ghafla, beringi ni kavu au panga linagusa ganda. Lakini usiihukumu mota ya EC kwa haraka: sumaku zake hushika, kwa hiyo panga husimama kwa vituo na pengine hurudi nyuma kidogo kabla ya kutulia. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni mchakacho, ile hisia ya mchanga kati ya vidole. Kisha shika kitovu cha panga ukisukume ndani na nje, kushoto na kulia. Kikicheza kushoto na kulia, acha. Uliza kama beringi ni za gololi. Za bushi huwa tulivu sana zikiwa mpya, ndiyo maana zinapendeza dukani, ila zikikaa kwenye joto la hema mafuta yake huisha mapema na mkwaruzo ukaja.

Chungulia panga kwa tochi. Ukiona kibanzi kidogo cha chuma kimebanwa kwenye ukingo wa panga, au kitundu kimetobolewa mahali pasipo na sababu, furahi. Kuna mtu kiwandani aliyelipima panga hilo kwa uzito na kulisawazisha, kama fundi anavyobandika risasi kwenye rimu ya gari. Panga lisilo na alama huenda limetoka sawa kwenye kalibu, au huenda hakuna aliyejali. Hilo utalijua ukiliwasha na kuweka kikombe cha maji juu ya ganda: uso wa maji ukitulia, vizuri, ukichora duara ndogo ndogo, mtetemo huo utahamia kwenye nyumba yako. Nilikuwa pia na bisibisi mfukoni mara ya pili nilipokwenda dukani. Ncha kwenye ganda, mpini sikioni, kama mafundi wa gereji wanavyosikiliza injini. Muuzaji alidhani nimechanganyikiwa.

Lakini naye alikuwa na dhana zake. Maduka haya yalikuzwa na bangi, ambayo Kanada iliihalalisha tarehe 17 Oktoba 2018. Ukimwambia muuzaji kwamba unaotesha mchicha, anatabasamu kama mtu anayekutunzia siri, halafu anakuuzia chujio la mkaa la kuzuia harufu. Kwa mchicha hulihitaji. Ila nakiri nimelibakiza, kwa sababu nyingine: likifungwa upande wa kuvuta, ndani ya hema, hunyamazisha mdomo wa feni. Gharama yake ni kizuizi kwa hewa, na kwa feni ndogo kizuizi hicho hukufanya uongeze mwendo, ukarudi ulikotoka. Kwa kubwa iendayo polepole halisumbui.

Feni bora kuliko zote ikifungwa vibaya itasaga mahindi vilevile. Ile ya kwanza, sitaitaja jina, ilikuwa mbovu ya panga, lakini nami nilikuwa nimeikaza kwa skrubu kwenye mti wa rafu, rafu imekazwa ukutani, ukuta umekaa juu ya chumba cha yule mama. Nilikuwa nimemjengea ngoma. Sasa feni inaning'inia kwa kamba za mpira kwenye mabomba ya hema, haigusi kitu kingine, na kati yake na bomba la hewa kuna kipande cha mpira kilichobanwa kwa klipu pande zote mbili. Bomba lenyewe ni lile lililovikwa sufi ya kioo, siyo la alumini tupu linalochakacha kama mfuko wa biskuti. Livute lote linyooke, ukate linalozidi. Mikunjo iliyobaki ndani ni miluzi. Kona ikiwa lazima, iwe ya duara pana, na isiwe karibu na mdomo wa feni, maana panga likipokea hewa iliyovurugika hunguruma hata kama halina kosa.

Litazame pia hema lenyewe. Kuta zikivutwa ndani hadi kugusa majani, feni inanyonya zaidi ya inavyoruhusiwa kupokea. Fungua madirisha ya chini hadi njia ya kuingilia iwe walau mara mbili ya njia ya kutokea. Kuta zitulie na bonde dogo tu, kama tumbo la mtu aliyevuta pumzi.

Na hewa inayotoka uipeleke wapi? Vitabu husema nje. Ukiwa Edmonton kwenye baridi ya digrii 30 chini ya sifuri, kuitoa nje ni kuchoma pesa, maana hewa unayotupa umeshailipia kuipasha joto, na nyingine ya barafu itaingia kwenye kila ufa kuziba pengo lake. Zaidi ya hapo utahitaji kifuniko cha kuzuia upepo usirudi, na vifuniko hivyo hugonga usiku kucha. Mimi naitoa chumbani. Hewa ya nyumba wakati huu ni kavu hadi midomo inapasuka, na karibu maji yote ninayomwagilia hutoka kwenye majani kama mvuke. Chumba kinashukuru. Dirisha likianza kutoa jasho asubuhi, naligeuzia bomba sebuleni. Mwezi wa Januari hilo hutokea mara chache.

Ukinunua, tunza boksi na risiti, ujue siku ulizopewa za kurudisha. Usiku wa kwanza ifunge kama itakavyokaa, zima kila kitu, hata friji ichomoe kwa dakika kumi, kisha lala kitandani upande wako wa kawaida. Geuza uso ukutani. Usiku ule wa feni ya pili nilisikia mvumo, na ndani yake tiki, tiki, tiki. Niliamka mara tatu kuitafuta kwenye feni. Ilikuwa saa ya ukutani ya mke wangu, ambayo kwa miezi miwili mizima hakuna aliyekuwa ameisikia.